Maji Yanayopandishwa kwa Mikono: Kutoka Isiolo hadi Visima vya Dubluk

Kuchimba kisima kwa mikono ni kazi inayohitaji mambo mawili kwa pamoja, yaani ujuzi wa ardhi na makubaliano ya watu, na katika nchi kavu inayoanzia kaskazini mwa Mlima Kenya hadi nyanda za kusini mwa Ethiopia jambo hili la pili ndilo lililo gumu zaidi, kwa kuwa mwamba ukishapasuliwa umepasuliwa, lakini watu wanaotegemea shimo moja kwa uhai wa mifugo yao wana haki, madai na kumbukumbu zinazopaswa kupangwa upya kila kiangazi. Makala haya yanafuata njia itokayo Isiolo, ikapita Laisamis, Marsabit na Moyale, kisha ikavuka mpaka hadi Dubluk, katika nchi ya Waborana, na yanaeleza visima vinavyokutwa njiani pamoja na watu wanaovihudumia, bila kuacha kulinganisha mambo hayo na Tanzania, nchi ambayo nayo imehangaika kwa zaidi ya nusu karne kuwafikishia wanavijiji wake maji.

Isiolo ni mlango wa kaskazini, mji ambamo Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili, na ambamo kutafuta usafiri wa kwenda Moyale kulikuwa zamani jambo la kumwombea mtu dua. Abiria walipanda malori yaliyoshusha ng'ombe Nairobi na kurudi na unga, sukari na mafuta ya kupikia, wakakaa juu ya mizigo huku wakishikilia vyuma, na safari hiyo ya barabara ya changarawe yenye mawe makali iliweza kuchukua siku mbili au tatu. Lami iliyokamilika katika muongo wa 2010 imeifanya kuwa safari ya siku moja ndani ya basi. Badiliko hilo ni jema kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi na kwa mfanyabiashara, ila limeleta pia jambo ambalo msafiri wa leo hulikuta bila kulitafuta, yaani lori la maji, ambalo katika miezi ya ukame husimama kando ya barabara huku madumu ya manjano yamepangwa mstari mrefu, na wenye madumu hayo wameketi chini ya kivuli cha mgunga wakisubiri zamu ambayo haikupangwa na mzee yeyote wa mahali pale.

Baada ya kuvuka mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, mito yote inayofuata ni ile inayoitwa mito ya msimu, yaani inayobeba maji kwa saa chache au siku chache baada ya mvua na kubaki mchanga mtupu kwa muda uliosalia wa mwaka. Merille na Laisamis ni vituo vya aina hiyo. Mgeni anayeutazama mchanga ule mweupe huona ukavu, lakini wanawake wa Kirendile na wa Kisamburu huona ghala, kwa sababu maji ya mafuriko huzama na kukaa katikati ya chembe za mchanga, juu ya tabaka la mwamba au udongo mfinyanzi lisilopitisha maji, na jua haliwezi kuyafikia. Kisima cha mchangani huchimbwa kwa mikono mitupu, kwa bakuli au kwa kipande cha dumu lililokatwa, nacho huanza kama shimo pana, kisha hupungua upana kadiri kinavyokwenda chini, kwa kuwa mchanga mkavu huporomoka mara tu kuta zinaposimama wima. Mchimbaji hupiga magoti, akateka mchanga na kuutupa nyuma, na unapoanza kuwa mweusi na kushikana hupunguza kasi, akasubiri. Maji huja polepole, yakiwa na rangi ya maziwa kwanza, kisha mchimbaji huyateka na kuyamwaga mara kadhaa hadi yang'ae. Shimo huzungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasikanyage, na pembeni hutengenezwa hori, yaani kihodhi kidogo cha kunyweshea mifugo, kwa udongo uliofinyangwa. Wasamburu husimulia kwamba kila familia ina wimbo wake wa kisimani, na kwamba ng'ombe wanaosubiri ukingoni huujua wimbo wa mwenyewe na hawasogei mpaka wausikie.

Aina hii ya kisima haiko kaskazini pekee. Wagogo wa Dodoma hufukua mchanga wa mito yao ya msimu kwa namna hiyo hiyo, na wanawake wa Ukambani, katika Kitui na Machakos, wamekwenda hatua moja mbele kwa kujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe na saruji zinazokatiza mto wa msimu ili mchanga urundikane nyuma yake na kuongeza ghala la maji mwaka hadi mwaka. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mabwawa hayo yalienea Ukambani kwa kupitia vikundi vya kufanya kazi kwa zamu, vinavyoitwa mwethya, ambavyo vilikuwapo kabla ya saruji kufika, na kwamba mwanachama aliyebeba mawe ndiye anayejua ufa uko wapi siku ukuta unapovuja.

Kwa mtu wa pwani kulinganisha huku kunakwenda mbali zaidi, kwa sababu ustaarabu wa Waswahili ulijengwa juu ya visima vilivyochimbwa kwa mikono katika mwamba wa matumbawe. Ni nadra kukuta msikiti wa kale usio na kisima na birika la kutawadhia, na magofu ya Gedi karibu na Malindi yana visima vya duara vilivyozungushiwa mawe kwa ustadi mkubwa. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyefukua magofu hayo, aliona kuwa kisima cha nje ya msikiti mkuu kiliongezwa kina, akaitaja kupungua kwa maji ya ardhini kuwa miongoni mwa sababu zinazoweza kueleza kuhamwa kwa mji. Lamu nayo imeishi kwa maji yanayokaa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi, na anayeteka kupita kiasi huvuta chumvi. Hivyo mtu wa pwani hapaswi kudhani kwamba shida ya kisima ni habari ya wafugaji wa mbali. Tofauti kubwa ni kwamba pwani kisima kiliwekwa chini ya ulinzi wa wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiyouzwa wala kurithiwa, na kaskazini kiliwekwa chini ya ulinzi wa ukoo.

Marsabit huonekana kutoka mbali kama wingu lililotua jangwani, kwa kuwa mlima huo wa asili ya volkano hukamata ukungu na kuotesha msitu mnene juu ya nchi iliyo kavu pande zote. Wakulima wa Kiburji hupanda mahindi na nafaka ya teff kwenye miteremko yake, na mjini msafiri hukaribishwa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa kuwa vibuyu na vyombo vya maziwa husafishwa kwa kufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu, pamoja na nyirinyiri, ambayo ni nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa hadi ikauke na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake kwa wiki nyingi. Chakula hicho ni cha watu wanaosafiri na mifugo, wasiojua kesho watalala wapi, na mlaji atokaye nchi ya ugali na samaki wabichi hukiona kuwa kizito mwanzoni, kisha huelewa thamani yake njiani. Si mbali na mji kuna visima vya Ulanula, ambavyo wenyeji wengi huvitaja kwa nyimbo zinazoimbwa pale wakati wa kupandisha maji, na kutoka hapo kuelekea kaskazini magharibi nchi huteremka kwenye jangwa la Chalbi, ambako Wagabra huchimba visima vyenye maji ya chumvichumvi yanayopendwa na ngamia kuliko watu.

Moyale ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Ethiopia, na mpaka unaoitenganisha haukatizi undugu, kwa sababu Waborana wa pande zote mbili wana koo zilezile na sheria ileile. Waborana ni tawi la Waoromo, na mfumo wao wa uongozi, unaoitwa gadaa, huwapanga wanaume katika marika yanayopokezana madaraka kila baada ya miaka 8. Asmarom Legesse, mtaalamu wa anthropolojia mwenye asili ya Eritrea, aliueleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1973, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016. Upande wa Ethiopia msafiri hupewa injera, ule mkate mpana wa teff wenye uchachu, lakini katika nyumba ya Kiborana kinachomheshimisha mgeni ni buna qalaa, yaani matunda ya kahawa yanayokaangwa pamoja na maganda yake katika samli, yakatafunwa huku dua ya amani, mvua na mifugo ikisomwa na mzee na kuitikiwa na wote. Katika dua hiyo malisho, maji na amani huombwa pamoja, na mtu akishaviona visima huelewa kwa nini havitenganishwi.

Dubluk iko kando ya barabara kuu, kati ya Mega na Yabelo, nayo ni mojawapo ya vituo vya visima virefu vinavyoitwa tula. Waborana huhesabu vituo 9 vya namna hiyo, kila kimoja kikiwa na visima kadhaa, na baadhi ya visima hivyo hufika kina cha meta 30 hivi. Hakuna anayejua kwa hakika vilichimbwa lini. Simulizi huvirudisha nyuma karne nyingi, na nyingine huwataja watu waliokuwa wakiishi hapo kabla ya Waborana wa sasa. Kinachojulikana ni kwamba vilichimbwa kwa mikono, na kwamba kazi kubwa kupita zote haikuwa shimo lenyewe. Kabla ya kulifikia shimo, mtu huteremka kwa njia pana iliyokatwa ardhini, yenye kuta za udongo zinazoinuka pande zote mbili kadiri anavyoshuka mpaka anga libaki utepe juu ya kichwa, na njia hiyo iliyochimbwa ili ng'ombe washuke hadi usawa wa chini humaliza sehemu kubwa ya kazi ya kupandisha maji, kwa kuwa maji yanayopaswa kupanda meta 25 sasa yatapanda meta 15 tu. Mtu aliyewahi kubeba ndoo moja kutoka kisimani hadi jikoni ataelewa akili iliyomo katika uamuzi huo, wa kutoa jasho jingi mara moja ili kuwapunguzia wajukuu jasho la kila siku.

Mwishoni mwa njia hiyo lipo hori refu la udongo mfinyanzi, linaloitwa naaniga, ambalo hukarabatiwa mara kwa mara kwa viganja vya mikono kwa sababu ndimi na kwato hulimomonyoa, na nyuma yake ndipo mdomo wa kisima ulipo. Watu husimama ndani ya shimo, mmoja juu ya mwingine, kwenye vishubaka vilivyochongwa ukutani na kwenye magogo yaliyokingamishwa, wanne au watano katika kisima kifupi na zaidi ya kumi katika kirefu. Wa chini kabisa amesimama ndani ya maji. Huchota, akarusha chombo juu bila kutazama. Wa pili hukidaka, akakirusha kwa wa tatu, na mkono wa pili wa kila mmoja hupokea chombo kitupu kinachorudi, hivyo kwamba vyombo viwili hupishana hewani wakati wote na hakuna mkono unaopumzika. Zamani chombo hicho kilikuwa ndoo ya ngozi, ikiwamo ngozi ya twiga, inayoitwa okole. Siku hizi ni nusu ya dumu la plastiki. Maji humwagika mabegani, miguu huteleza juu ya magogo yaliyolowa, na wimbo unaoanzishwa na mmoja na kuitikiwa na wengine ndio unaowapa wote kipimo cha wakati, kwa kuwa anayechelewa nusu pigo huangusha chombo juu ya kichwa cha mwenzake. Nyimbo hizo husifu ng'ombe, na ng'ombe walio juu husimama kimya wakisikiliza mpaka waruhusiwe kushuka kwa makundi.

Ukubwa wa kazi hii huonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Wakati wa kiangazi ng'ombe wa Waborana hunyweshwa kila siku ya tatu, utaratibu unaowawezesha kwenda mbali kutafuta majani, na ng'ombe mkubwa aliyekaa hivyo anaweza kunywa lita 50 kwa mara moja. Kundi la ng'ombe 100 huhitaji basi lita 5,000, nazo, kwa chombo cha lita 5, ni safari 1,000 za chombo kutoka chini hadi horini, na kama mstari una watu 10, ni karibu mapokezano 10,000 kabla ya kundi moja kuondoka na jingine kushuka. Hakuna tajiri wa ng'ombe awezaye kufanya kazi hiyo peke yake na wanawe. Hapa ndipo sheria inapoanza, na hapa ndipo utaalamu wa Waborana unapozidi ule wa sururu na mtarimbo.

Kila kisima kina mtu anayeitwa abba konfi, ambaye ni yule aliyeanzisha uchimbaji wake, au mrithi wake katika ukoo wa baba. Anayetaka cheo hicho hutangaza nia yake, akakubaliwa na wazee, kisha hubeba gharama ya kuwalisha wachimbaji kwa kuchinja mifugo yake muda wote wa kazi, huku ukoo ukitoa nguvu za vijana na ng'ombe wa nyongeza. Mara nyingi kazi yenyewe si kuchimba kisima kipya bali kufukua cha kale kilichoporomoka, na hiyo si rahisi zaidi, maana kifusi kilicholowa ni kizito kuliko ardhi isiyoguswa na kuta zilizokwisha kuanguka mara moja hazitabiriki. Hata hivyo abba konfi hamiliki maji kwa maana ambayo sheria za mjini zinampa mtu mali. Wapo wengine wenye haki, na haki zao hupangwa kwa ngazi: yeye, kisha msimamizi wa zamu, kisha wana ukoo, kisha watu wa koo nyingine walioomba na kukubaliwa. Msimamizi wa zamu huitwa abba herrega, ndiye anayejua kundi la nani litakunywa siku gani na kwa mpangilio upi, anayehakikisha kwamba kila mwenye kundi ameleta watu wa kusimama katika mstari, na anayefunga mdomo wa kisima kwa miiba jioni. Juu yake lipo baraza la kisima, linaloamua migogoro na kutoza faini kwa anayevunja zamu au kuacha hori likiwa limebomoka.

Maji ya kisima hayauzwi. Mtu mwenye kiu, awe mpita njia au hata adui, hanyimwi maji ya kunywa. Kinachodhibitiwa ni maji ya mifugo, na kinachodaiwa kwa maji hayo ni kazi. Anayetokea siku ya kuondoa tope, yaani ule udongo laini unaojikusanya chini na kupunguza kina, ndiye mwenye sauti siku ya kugawa zamu, na asiyetokea hujikuta nyuma ya foleni hata kama ng'ombe wake ni wengi. Mvua inaponyesha na madimbwi yakijaa, wafugaji hulazimika kuondoka kwenye tula, visima vikafungwa, na majani ya maeneo hayo yakapata nafasi ya kuota tena hadi kiangazi kirudi, kwa hiyo anayetawala kisima hutawala pia malisho yanayokizunguka, bila uzio wala askari. Watafiti wa maendeleo ya mifugo waliofika Borana katika miaka ya 1970 na 1980 walilieleza jambo hili vizuri, lakini mabuldoza yalikuwa yameanza kuchimba mabwawa makubwa ya mvua katika maeneo yaliyokuwa yakiachwa yapumzike, na penye maji ya mwaka mzima yasiyo na mwenyewe mifugo nayo ilikaa mwaka mzima.

Si kila kitu cha zamani kinapaswa kuonewa fahari. Kusimama ndani ya shimo lenye kuta za udongo ni hatari, magogo huvunjika, na wanawake na wasichana, ambao nao husimama katika mstari, hurudi nyumbani jioni na kukuta maji ya kupikia bado hayajachotwa. Vijana walio shuleni hawawezi kuwa kisimani, na hakuna mzazi anayepaswa kulaumiwa kwa kumchagulia mwanawe darasa. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, uliua ng'ombe wengi mno wa Borana, na familia zilizobaki bila kundi zilihamia kando ya barabara kuu, karibu na malori ya maji na magunia ya msaada. Kisima cha tula kinahitaji wenye ng'ombe ili kipate watu, na ng'ombe wanapokwisha mstari nao hukosa mikono.

Katika baadhi ya visima saruji imechukua nafasi ya udongo wa hori, na pampu ya dizeli au ya jua imechukua nafasi ya mstari wa watu. Panapokuwa na pampu, watu wawili hufanya kazi ya kumi, na msichana hupata nafasi ya kwenda shule. Swali linalofuata ni nani atakayenunua kipuri, na jibu lake hutofautiana kwa namna ambayo msafiri yeyote anaweza kuiona kwa macho. Mahali ambapo pampu iliwekwa juu ya kisima chenye abba herrega, mchango wa mafuta hukusanywa kwa zamu ileile iliyokuwa ya kazi, na deni la asiyelipa hujulikana kwa wote. Mahali ambapo kisima kirefu kilichimbwa kwa mashine mahali papya pasipo ukoo wala baraza, bomba likikatika hubaki limekatika, na watu hurudi kwenye lori.

Tanzania inaifahamu hali hiyo kwa undani. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya meta 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991, na kati ya 1974 na 1978 mkoa wa Shinyanga, kwa msaada wa Uholanzi, ulikuwa mstari wa mbele katika ujenzi wa visima vifupi, yaani visima vya meta chache vilivyochimbwa kwa mikono, vikajengewa pete za zege na kufunikwa kwa mfuniko wenye bomba la mkono. Mafundi wa visima waliojifunza kazi hiyo walijua kushusha pete moja baada ya nyingine huku wakichimba chini yake ili kuta zisiporomoke, na walijua kushusha taa kwanza kabla ya mtu, kwa kuwa moto unaozimika huashiria hewa isiyofaa kupumuliwa. Miaka michache baadaye, Kwale katika pwani ya Kenya ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo bomba la mkono la Afridev lilijaribiwa katika miaka ya 1980, likibuniwa mahususi ili wanakijiji wenyewe, wakiwamo wanawake, waweze kulifungua na kubadilisha vipuri kwa zana chache. Ufundi basi haukukosekana. Hata hivyo, takwimu zilizokusanywa na mtandao wa kimataifa wa ugavi wa maji vijijini kutoka nchi 20 za Kusini mwa Sahara, zilizotolewa mwaka 2009, zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya mabomba ya mkono yalikuwa hayafanyi kazi, na mtu aliyetembea vijijini anayajua mabomba hayo: mpini umeng'olewa, zege limekuwa benchi la watoto, na akina mama wanapita kando yake wakielekea mtoni.

Tofauti kati ya bomba hilo na kisima cha Dubluk haiko katika umri wala katika zana. Kisima cha Dubluk kimebomoka na kufukuliwa mara nyingi zaidi kuliko bomba lolote lilivyoharibika, ila kila kilipobomoka palikuwa na mtu mmoja ambaye jina lake lilitajwa, watu waliojua kwamba nafasi yao katika zamu ilitegemea kushuka na koleo, na baraza lililoweza kumwadhibu aliyebaki nyumbani. Kamati nyingi za maji vijijini huundwa siku ya uzinduzi, mbele ya wageni, na wajumbe wake hawajawahi kubeba hata karai moja la udongo wa kisima chenyewe. Ni kosa kubwa kuwahesabu wananchi kuwa wanufaika wa kisima ambacho hawakukichimba, kisha kuwalaumu kwa kutokitunza.

Tangu mwaka 2019 Tanzania ina wakala wake wa maji vijijini, RUWASA, na vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji vimetambuliwa na sheria, jambo linalotoa nafasi nzuri ya kurekebisha kosa hilo. Kijiji kinachojiandaa kuomba kisima kiandike kwanza katika muhtasari wa mkutano wake mkuu majina ya watakaochimba au kusaidia uchimbaji, siku za zamu ya kuondoa tope, mchango wa kila kaya, adhabu ya asiyefika na jina la mtu mmoja atakayejibu kisima kikikauka, na mhandisi wa wilaya asikubali kupeleka mtambo wala saruji mahali ambapo ukurasa huo bado ni mweupe.